Sindano ya Ng'ombe Isikuchome Wewe
Mkulima, mfunge ng'ombe imara kabla ya kumdunga. Akirusha kichwa, sindano hukuingia wewe. Ukisha kumdunga, usiirudishe sindano katika kifuniko chake, maana hapo ndipo vidole huchomwa. Itie mara moja katika mkebe mgumu wenye mfuniko, na ukikaribia kujaa umpelekee afisa wa mifugo. Wengine huitupa katika samadi! Samadi hiyo msimu ujao hushikwa kwa mikono, na watoto huikanyaga kwa miguu mitupu. Chanjo ya S19, ya kuzuia ng'ombe kutupa mimba, ina vijidudu vilivyo hai, navyo humwambukiza mtu homa ya muda mrefu. Ukichomwa, osha kwa maji na sabuni, usifyonze, uende hospitali siku ile ile pamoja na chupa ya dawa.