Rangi ya buto ku ekrani ni jambo la sendika

Ndugu wa Shituru, wa Panda, wa Kikula na wa Likasi, na ninyi ba mama munaotungojea ku nyumba: leo tuzungumze juu ya kitu kidogo kama kucha ya kidole. Ni buto ya ku ekrani. Sisemi buto ya chuma ile unasukuma na mkono. Nasema ile iliyochorwa mu ordinatere: operatere anaibonyeza na suri, na mbali kule pompi inaanza kutembea.

Najua watu watauliza: "Sendika na rangi ya buto, wapi na wapi? Tuko na mishahara ya kudai, tuko na bote za kutoboka, na weye unatuletea mambo ya rangi?" Swali ni ya haki. Jibu iko fupi: buto iliyochorwa vibaya inaweza kuumiza mtu mmoja, kisha inafukuzisha mwingine kazi. Mambo mawili haya, yote ni ya sendika.

Toka vane mpaka ekrani

Lusine ya Shituru ni mzee. Union Minière ilianza kutoa shaba hapa na elektrolizi mwaka 1929. Kazi yenyewe munaijua: mawe inasagwa, inatiwa mu asidi sulfuriki, shaba inayeyuka mu maji, kisha umeme inaivuta mpaka inakamata ku katodi. Wazee wetu walikuwa wanafungua vane na mikono, wanasikia pompi na masikio, wanachungulia tanki na macho. Nyuma yao zikakuja meza za chuma zenye taa na buto za kweli. Leo, mu malusine mingi mapya ya Haut-Katanga, mtu anakaa mu sale ya kontrole, mbele ya ekrani mbili ao tatu, saa zote za posti yake.

Mtu yule haoni asidi. Anaona mchoro. Kama mchoro unasema "pompi imesimama" wakati inatembea, yeye atamwambia mwenzake wa matengenezo: "Enda, fungua." Na yule aliye chini ya bomba, na ufunguo wake mkononi, ndiye atakayepokea asidi ku uso.

Namna buto inatengenezwa

Buto ya ku ekrani ni umbo iliyopakwa rangi, basi. Ordinatere inatengeneza rangi yote na mianga tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kila mwanga iko na namba toka 0 mpaka 255. Nyekundu kamili ni 255, 0, 0. Ukiweka zote tatu ku 0, ni nyeusi. Zote tatu ku 255, ni nyeupe. Zote tatu sawasawa katikati, ni rangi ya majivu.

Fundi wa programu anaandika mistari kidogo: rangi ya nyuma ya buto, rangi ya maandiko, unene wa mstari unaoizunguka, na pembe zake, kama ni kali ao za mviringo. Anaandika pia namna buto itaonekana wakati imebonyezwa, na namna itaonekana wakati imefungwa, haiwezi kutumika. Mu programu mingi ya leo, mistari ile yote inawekwa fasi moja. Ukibadirisha mstari mmoja, buto mia moja zinabadirika. Qt, chombo cha kutengenezea programu kilichozaliwa Norway, iko na njia ile toka mwaka 2006.

Juu ya nini ninafasiria haya yote? Kwa sababu tunasikia mara na mara: "Ekrani ilitoka Ulaya, ilitoka Uchina, haiwezi kuguswa." Muangalie vizuri. Kubadirisha rangi ya buto hakuombi kununua mashine, wala kuvunja ukuta. Kuandika mistari ni kazi ndogo. Kazi ya kuchukua muda ni kupima kisha kufundisha watu, na ile kazi kompani inapashwa kuifanya hata vile.

Nyekundu ya nani?

Kuko sheria juu ya rangi, na zinajulikana mu dunia mzima. Commission électrotechnique internationale, ile wanaita CEI, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilizipanga: nyekundu ni hatari, manjano ni jambo lisilo la kawaida, kijani ni hali ya kawaida, buluu ni amri ya kufanya kitu. Nyeupe, nyeusi na majivu hazikupewa maana moja ya lazima.

Ku buto za mashine, ni vile: buto ya kuanzisha, afazali iwe nyeupe; kijani inaruhusiwa; nyekundu hapana hata kidogo. Buto ya kusimamisha, afazali iwe nyeusi. Kijani hapana hata kidogo. Na ile ya kusimamisha kwa hatari, munaijua: kichwa chekundu kama uyoga, nyuma yake manjano. Ile ya mwisho ni kitu ya kushika na mkono, ao kamba ya kuvuta, ao kanyagio. Picha yake ku ekrani haiwezi kuchukua nafasi yake.

Lakini kuko mutego. Mu kazi ya umeme mkubwa, Uingereza, Marekani na Uchina, desturi ya zamani ni ingine: taa nyekundu maana yake kura inapita, usiguse, taa ya kijani maana yake imekatwa. Mu lusine ya shaba, operatere amezoea kijani ni pompi inatembea, na nyekundu ni pompi imesimama. Kila desturi iko na akili yake. Hatari inazaliwa wakati zote mbili zinaingia mu sale moja: mtu wa umeme anahamishwa ku asidi, ao ekrani iliyochorwa kwingine inaletwa hapa bila mtu kuuliza. Macho inaona rangi ileile, kichwa kinasoma maana ingine.

Kengele 275

Rangi mingi nayo ni hatari. Tarehe 24 Julai 1994, ku raffinerie ya Texaco pa Milford Haven, inchi ya Wales, mafuta ililipuka. Watu 26 waliumia. Wakaguzi wa serikali ya Uingereza walipochunguza, walikuta mambo mawili. Ya kwanza: vane moja ilikuwa imefungwa, lakini ekrani ilikuwa inasema iko wazi. Ya pili: mu dakika 11 hivi za mwisho mbele ya mulipuko, waoperatere wawili walipokea kengele 275. Uhesabu mwenyewe: ni kengele 25 kila dakika. Nani anaweza kusoma vile? Michoro ya ekrani haikuwasaidia kuona jambo moja lililokuwa la lazima.

Kwa hiyo wajuzi wa kazi hii wamefika ku fundisho moja, na kanuni ya Marekani inayoitwa ISA-101, ya mwaka 2015, inafuata njia ile: acha ekrani itulie. Rangi ya nyuma iwe majivu. Bomba na tanki viwe majivu pia. Rangi kali, uiweke kwa ajili ya shida. Mu ekrani kama ile, nyekundu moja ikiwaka, hata mtu aliyechoka saa tisa ya usiku ataiona. Lakini mu ekrani yenye tanki za buluu, bomba za kijani, pompi nyekundu na maandiko ya manjano, kengele inapotea kama mtoto mu soko.

Macho hayako sawasawa

Sasa tufike ku jambo ambalo watu wanaliona haya. Kuko watu wanaozaliwa na macho yasiyotofautisha rangi vizuri, zaidi sana nyekundu na kijani. Munganga anaiita daltonismi, kwa jina la Mwingereza John Dalton, aliyeeleza macho yake mwenyewe mwaka 1794. Haiko ugonjwa wa kuchoka, wala ulevi. Mu watu wa Ulaya ya kaskazini, inakamata karibu mwanaume 1 juu ya 12, na mwanamke 1 juu ya 200. Mu Afrika hesabu iko chini, lakini haiko sufuri.

Reli iliijua zamani. Mwaka 1875, inchi ya Swedi, treni mbili ziligongana karibu na Lagerlunda, watu 9 walikufa. Profesa Frithiof Holmgren aliwaza ya kama mtumikaji mmoja hakuona rangi ya taa. Juu ya treni ile wajuzi wanabishana mpaka leo. Lakini Holmgren alipopima watumikaji 266 wa reli moja na nyuzi za rangi, alikuta 13 wasioona rangi sawasawa. Na kazi yao ilikuwa kufuata taa.

Karibu na sisi, mu kompani moja ambayo jina tunaliacha, kijana mmoja wa posti ya usiku alipewa "demande d'explication" kwa sababu alisimamisha pompi alipopashwa kuianzisha. Ku ekrani yake, buto mbili zilikuwa zinafuatana, umbo moja, ukubwa mmoja, bila neno: moja kijani, moja nyekundu. Barua ilisema: uzembe. Akasimamishwa kazi siku kadhaa, franga ikakatwa, na ku nyumba minervali ya watoto ikakosa. Paka nyuma, ku munganga wa macho, ndipo ilijulikana ya kama buto mbili zile, kwake yeye, zilikuwa rangi moja ya udongo. Miaka yote alikuwa anazikumbuka kwa fasi zake: ya kushoto, ya kuume. Siku walipogeuza fasi zake mu ekrani mpya, hakuna aliyemwambia.

Tunauliza: uzembe ulikuwa wa nani?

Umbo ni macho ya pili

Dawa inajulikana, na kila mtu wa mine anaitembelea kila siku bila kuiwaza. Angalia vibao vya usalama ku mlango wa lusine. Katazo ni mviringo mwekundu wenye mstari. Hatari ni pembe tatu ya manjano. Lazima, kama kuvaa kaske, ni mviringo wa buluu. Njia ya kukimbilia ni kibao cha kijani cha pembe ine. Rangi na umbo zinasema neno moja mara mbili. Asiyeona rangi, anaona umbo.

Wakati wa vita ya pili ya dunia, marubani wa ndege za Marekani za B-17 walikuwa wanafika chini salama, kisha wanakunja magurudumu ya ndege bila kutaka. Wakubwa walisema: kosa la rubani. Mtu mmoja mwenye kusomea akili za watu, Alphonse Chapanis, aliingia mu ndege, akaangalia. Kifaa cha magurudumu na kifaa cha mabawa vilikuwa karibukaribu, na vilifanana. Akaweka gurudumu dogo la mpira ku kimoja, na umbo la kabari ku kingine. Mkono ukaanza kujua wenyewe. Hata leo, mu ndege mingi, kifaa cha magurudumu kiko na umbo la gurudumu.

Ku ekrani ni vilevile. Pompi inayotembea na pompi iliyosimama zisitofautiane paka kwa rangi. Moja iwe imejaa, ingine iwe tupu katikati. Kando yake kuwe neno: INATEMBEA, IMESIMAMA. Buto ya kuanzisha na buto ya kusimamisha zisiwe mapacha, na zisikae bega kwa bega.

Tunaomba nini

Sheria ya kazi ya inchi yetu, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inataka kila kompani iwe na komite ya usalama, ya usafi na ya urembo wa mafasi ya kazi. Ndiyo, neno "urembo" limo mu jina yake. Basi tuingize ekrani mu komite ile. Ndugu delege, mukutano ujao muweke mambo haya ku meza:

1. Hakuna ekrani mpya kuanza kazi bila waoperatere wa posti zote, mchana na usiku, kuipima mbele.

2. Maana ya kila rangi na kila umbo iandikwe ku karatasi, mu Kifaransa na mu Kiswahili, na ibandikwe ukutani. Rangi moja, maana moja, mu lusine nzima.

3. Rangi isiwe peke yake. Kila hali iwe na umbo ao neno.

4. Ekrani ionyeshe hali ya kweli ya vane, kama iko wazi ao imefungwa. Kuonyesha paka amri iliyotumwa hakutoshi.

5. Macho ya watu yapimwe ku munganga, na vibao vya Ishihara vya vidoto vya rangi, vinavyojulikana toka 1917. Lakini mtu akikutwa na daltonismi, ekrani ndiyo itengenezwe. Yeye asifukuzwe.

6. Mbele ya kumpa mtu "demande d'explication" juu ya buto, komite iangalie buto ile kwanza.

Na kwa wale wanaotaka kuanza kesho asubui, kuko kipimo kisicholipa hata franga moja. Mulombe shefu wa posti atoe picha ya ekrani ku karatasi, nyeusi na nyeupe tu. Muiweke ku meza, muulizane: pompi gani inatembea? Vane gani imefungwa? Kengele iko wapi? Kama watu watatu wanaojua kazi wanashindwa kujibu, mupeleke karatasi ile ku komite. Muandike tarehe juu yake, mutie sahihi, na mubakize kopi moja ku sendika.