Kitabu cha Peugeot kisomwacho pande mbili

Nilikuwa nimekwenda Marikiti, hapa Mombasa, kununua iliki. Nyuma ya soko, pale harufu ya bizari inapokutana na harufu ya petroli, niliona Peugeot 504 imefunuliwa boneti na kitabu kimelazwa kwenye bawa lake juu ya kipande cha leso kuukuu. Mzee wa kikoi na kofia alikuwa amekiinamia. Kilichonisimamisha ni macho yake: yalikwenda kutoka kushoto hadi kulia, kama sote tusomavyo Kiingereza, kisha yakafika ukingoni mwa ukurasa, yakageuka na kuanza kurudi.

Nikatoa salamu, nikaomba kuchungulia. Katikati ya ukurasa palikuwa na maandishi ya Kiingereza na mchoro wa injini. Pembeni, kwa kalamu ya wino wa buluu uliokwisha kupauka, palikuwa na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mistari mingine ilipanda juu ikizunguka mchoro, mingine ilijibana baina ya namba za vipimo. Nimezaliwa mji huu, na khati hizi nazijua kwenye barua za nyanya zetu na kwenye mashairi; tenzi na tungo za malenga Muyaka zilihifadhiwa hivyo. Sikupata kuziona zikieleza namna ya kukaza hedi.

"Huu ni mkono wa aliyenifundisha kazi," mzee akaniambia. Hakutaka jina lake wala la marehemu mwalimu wake litiwe gazetini. "Yeye Kiingereza alikijua cha kusikia, si cha kusoma. Alisoma chuo cha Kurani tu. Basi jioni mwanawe akirudi skuli yuwamsomea ukurasa mmoja, naye yuwaandika pembeni alivyofahamu. Na lile asilolikubali, aliandika halikubali."

Nilimwomba anionyeshe moja. Akafungua ukurasa wa slivu, ile mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka. Injini ya 504 slivu zake hazikushindiliwa ndani ya bloku. Zimekaa tu, maji yakizizunguka, na chini zina sili za kuzuia maji yasiingie kwenye oili. Ukiondoa hedi kisha ukazungusha injini bila kuzibana slivu, zinainuka, sili zinaachia mahali pake, na utakuja kujua baadaye oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa. Kitabu kinataka utumie vibanio maalumu vya kiwandani. Mzee akaweka kidole chenye grisi pembeni, hakugusa wino, akasoma polepole: vibanio hivyo Mombasa havipo, chukua washa pana mbili na boliti za hedi yenyewe, tia kipande cha bomba baina yake, kaza kwa mkono tu.

"Haya," akasema, "nitafutie hilo kwenye simu."

Mpwa wake, kijana aliyekuwa amelala chini ya gari, alitoa kichwa. Simu yake ina kitabu hicho hicho kizima, kimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na mtu asiyemjua, na hakulipa hata shilingi. Anapenda kuweza kukuza mchoro kwa vidole viwili. Gari nyingi anazotengeneza ni za Japani zilizoingia karibuni, na hizo hazina kitabu cha karatasi hapa mjini. Bila simu na mashine ya kusoma kompyuta ya gari hafanyi kazi. Simtii makosani. Karatasi nayo ina maadui wake hapa kisiwani: joto la bahari, mchwa, na mvua za masika zikipenya bati.

Lakini mzee ana kesi yake, na aliieleza kwa uchungu. Mchoro wa waya za umeme kitabuni unashika kurasa mbili. Unauona wote kwa mara moja, unafuata waya kutoka betri hadi taa ya nyuma. Kwenye simu unaona kipande, ukisogeza umepoteza ulikotoka. Na namba zilizopigwa picha vibaya: "Hii nane au hii tatu? Kwenye hedi ya aluminiamu, mwanangu, nane na tatu si ndugu." Boliti zake zinakazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, na ukikosea hedi inapinda.

Nilipotazama jalada niliona ni kitabu cha Haynes. Nikamweleza nilichowahi kusoma: kwamba John Haynes alikuwa mwanajeshi wa anga wa Uingereza aliyepelekwa Adeni, na mwaka 1965, akiwa huko, alimsaidia mwenzake kulijenga upya gari dogo la Austin-Healey Sprite. Aliona kitabu cha kiwanda hakimfai mtu wa kawaida, akawa anapiga picha kila hatua. Kitabu chake cha kwanza cha namna hiyo kilitoka mwaka 1966. Mzee aliacha spana.

"Adeni? Adeni hii yetu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi kimekuja na kaskazi," akasema, akacheka mpaka akashika bawa la gari.

Sikuwa na moyo wa kumwambia yaliyofuata, ila aliuliza mwenyewe. Mwaka 2020 kampuni hiyo ilitangaza kwamba haitachapisha tena vitabu vipya vya karatasi vya ufundi, ingawa vya zamani vingeendelea kuchapwa. Akatikisa kichwa. Gari iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, iliyobeba abiria wa njia za mbali kabla matatu ndogo hazijajaa, kitabu chake huenda bado kikapatikana. Chake yeye, chenye wino pembeni, ni kimoja tu.

Mpwa wake amekwisha kupiga picha kurasa zote hizo. Hawezi kuzisoma, alisoma Kurani lakini Kiswahili cha khati hakuzoea, na khati ya kale haikuandika kila sauti, msomaji ndiye hujazia. Mzee humsomea, naye humrekodi kwenye simu, jioni moja moja, wakati wa kahawa. Wamefika karibu nusu. Macho ya mzee yana mtoto wa jicho.

Kabla sijaondoka alinifungulia ukurasa wa cheni ya taimingi. Hapo marehemu aliandika neno moja kubwa kuliko yote, akalipigia mstari mara mbili. Tone la oili limeanguka juu yake. Kijana alitoa simu akaikuza picha mpaka wino ukawa madoa, tukainama sote watatu.

"Usi—" mzee akasoma.

Akakigeuza kitabu upande wa jua, akajaribu tena. "Usi—"

Kila afunguapo injini hii, akaniambia, akifika hapo husimama kidogo.

"Na unafanyaje, ami?" nikauliza.

"Naendelea," akasema, "kwa hofu."