Binti Aliyerudi Kutambaa

Haya, wajukuu zangu, sogeeni. Leo sina sungura wala fisi. Nina binti wa kweli wa mji wa Seattle, Marekani, aliyekuwa na miaka mitatu na miezi kadhaa.

Binti huyu alijua kutembea. Lakini akifika chekechea, iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Washington, anashuka sakafuni na kutambaa kama mtoto mchanga, karibu asubuhi nzima, huku akiwakwepa wenzake.

Walimu walikuwa na huruma. Wakimwona chini wanamfuata, wanainama, wanambembeleza. Naye akazidi kutambaa! Kumbe kule kubembelezwa ndiko kulikokuwa ujira wake. Mtu hurudia jambo linalomlipa, hata kama anayemlipa alidhani anamkanya. Wanasaikolojia husema tabia hiyo inaimarishwa.

Florence Harris, aliyekuwa mkuu wa chekechea hiyo, na wenzake wakageuza mambo. Binti akiwa chini, hakuna anayemsemesha wala kumkaripia. Akiinuka, hata kwa kitambo tu, mwalimu huyo hapo, anamchekea na kuzungumza naye. Upendo haukupungua, ulibadilishiwa saa. Haikuchukua muda, binti akawa anatembea na kucheza kama wengine.

Mimi napenda zaidi walichofanya baadaye. Wengine wangepiga makofi wakaenda zao. Hawa wakajiuliza: ni sisi kweli, au mtoto amechoka tu kutambaa? Wakarudia mtindo wa zamani kwa makusudi: akitambaa wanamfuata, akisimama wanamwacha. Akarudi sakafuni! Wakageuza tena, naye akainuka. Yote haya yalichapishwa mwaka 1964.

Sasa msiende nyumbani kumnyamazia mdogo wenu kwa kila kilio. Mtoto anayeumwa au mwenye hofu anatakiwa asikilizwe. Namzungumzia yule anayejigaragaza dukani kwa ajili ya peremende. Asipopewa, siku za kwanza huenda akazidisha makelele kuliko zamani, maana ndiyo njia iliyokuwa ikimfaa. Wazazi wengi hushindwa hapo hapo. Wakimpa peremende kelele zikiwa zimepamba moto, kesho ataanzia kwenye sauti hiyo hiyo ya juu. Wampe akiwa ametulia na kuomba vizuri.