Jino Linasafiri Ndani ya Mfupa

Wiki tatu baada ya kufungwa bresi za kunyoosha meno, mpwa wangu alikuja nyumbani ameziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa amechagua zile angavu, za seramiki, kwa sababu anafanya kazi mapokezi na hakutaka chuma kimtangulie kila anapomsalimu mgeni. Sasa meno yote ya mbele yalikuwa na doa la njano. Nilimvuta dirishani nikamtazama vizuri. Vile vipande vya seramiki vilivyogandishwa kwenye meno, braketi, vilikuwa safi kama siku ya kwanza. Vilivyokunywa rangi ya mchuzi wa samaki ni vipira vidogo, vyembamba kama uzi, vinavyofunga waya kwenye kila braketi. Daktari huvitoa na kuweka vipya katika miadi inayofuata.

Seramiki hiyo haikuanzia kwenye meno. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ya Marekani ya Unitek ilikuwa ikitafuta kitu kigumu kisichong'aa kama chuma, ikakipata kwa kampuni ya Ceradyne, iliyokuwa ikitengeneza alumina ya kukinga vifaa vya kufuatilia makombora yanayokimbilia joto. Alumina ile ilikuwa imara na ilipitisha mwanga. Mwaka 1987 braketi zake ziliingia sokoni. Kwa kuwa mwanga unapita, braketi huazima rangi ya jino lililo nyuma yake, na ndiyo maana haionekani upesi.

Kazi yenyewe ya kulisogeza jino, hata hivyo, hufanyika chini ya ufizi. Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzinyuzi hai, tabaka lenye unene wa karibu milimita 0.2, lililojaa damu na hisia. Waya unaposukuma, upande mmoja wa tabaka hilo hubanwa na upande wa pili huvutwa. Palipobanwa huja seli zinazomumunya mfupa. Palipovutwa, seli nyingine hujenga mfupa mpya. Msweden Carl Sandstedt aliyaona haya kwa hadubini mwanzoni mwa karne ya 20, alipochunguza meno ya mbwa, na akaona jambo ambalo wagonjwa wenye haraka wanapaswa kulielewa: nguvu ikizidi, damu haipiti, tishu zilizobanwa hufa, na jino hukwama mpaka mwili usafishe mahali pale. Mwendo wa kawaida ni kama milimita moja kwa mwezi. Seramiki haiongezi kasi hiyo, wala chuma.

Seramiki ina gharama zake pia, mbali na bei. Waya hautelezi ndani yake kwa wepesi kama ndani ya chuma. Seramiki huvunjika kwa kishindo kimoja, kwa hiyo muwa na mahindi ya kuchoma ya kung'ata kwenye gunzi vinasubiri. Zaidi ya yote, ni ngumu kuliko enameli, lile ganda la nje la jino. Mtu ambaye meno yake ya juu yanafunika sana ya chini akifungwa seramiki chini, kila anapouma anayasaga meno yake ya juu. Mpwa wangu aliwekewa seramiki juu na chuma chini, na nadhani daktari alimtendea haki.

Wapo wanaoacha waya kabisa na kuvaa trei za plastiki angavu. Zia Chishti na Kelsey Wirth, waliokutana Chuo Kikuu cha Stanford, walianzisha kampuni ya Align Technology mwaka 1997 na kuzitengeneza kwa kompyuta: trei baada ya trei, kila moja ikilisogeza jino kama robo ya milimita. Ni kifaa kizuri, lakini kinadai saa 20 hadi 22 kwa siku mdomoni, na hutolewa kwa kila chakula na kila kinywaji isipokuwa maji. Anayekaa barazani na vikombe vya kahawa jioni nzima atateseka nazo. Kijana msahaulifu ningemshauri afungwe braketi, maana haziwezi kubaki mfukoni.

Kilichompeleka mpwa wangu kwa daktari ni chonge lililopanda juu ya jino jirani, mahali ambapo mswaki haufiki. Lakini ana mwanya pia, aliourithi kwa bibi yake, na aliomba mapema kabisa usizibwe. Daktari aliupima na kuuandika kwenye mpango wa tiba, pamoja na kishikizo atakachovaa baadaye ili meno yasirudi yalikotoka.

Vile vipira vya njano vilibadilishwa. Hakuacha mchuzi; siku hizi biriani na samaki wa manjano huliwa usiku wa kuamkia miadi.