Usonji: Kikundi Chako Kinaweza Kufanya Nini?

Katika vikundi ninavyotembelea Soweto West, na hata upande wa Kawangware, mara nyingi napata jina moja au mawili kwenye daftari ambayo yamepigwa mstari. Ukiuliza, unaambiwa huyo mama alishindwa na faini. Alikosa mkutano mara tatu, akachelewa kutoa pesa za kuzungusha, basi akatolewa. Ukiuliza zaidi ni kwa nini hakuwa akija, mtu anajibu kwa sauti ya chini: "Si ana yule mtoto."

Yule mtoto pengine ana usonji. Makala haya ni juu yake, na pia ni juu yetu sisi wa vikundi. Haki zake zimeandikwa katika sheria, lakini sheria haina miguu ya kutoka kwa kitabu mpaka kwenye plot. Lazima watu waibebe, na mama mmoja peke yake hawezi.

Usonji ni hali ya ubongo kukua kwa njia tofauti. Huanza kabla mtoto hajazaliwa, ingawa wazazi wengi huanza kushuku mtoto akiwa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Mtoto haitiki akiitwa jina, na akipimwa masikio unapata anasikia vizuri. Hakuonyeshi kitu kwa kidole. Huenda asiongee, au alikuwa na maneno machache yakapotea, au anarudia tu yale uliyosema. Anapenda mambo yaende vile vile kila siku, na yakibadilika analia mpaka majirani wanagonga mabati. Spika kubwa, honi ya gari moshi na kelele za sokoni zinaweza kumuumiza kabisa, si madaha. Wengine wana kifafa pia, na hicho kina dawa hospitalini. Kuna wanaoongea vizuri, wanasoma na kufanya kazi, lakini mazungumzo ya watu wengi yanawachosha. Ukimwona mmoja usifikiri umewaona wote. Na watoto hawa hukua: wako vijana na watu wazima wenye usonji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya watu 127 duniani alikuwa na usonji. Fikiria wapangaji wa njia moja ndefu ya Soweto West ni wangapi. Wako wapi hao wetu?

Kuna wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu. Ni kweli daktari Leo Kanner aliueleza akiwa Marekani mwaka 1943. Lakini tayari mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha habari za watoto wenye usonji aliowapata katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo. Wengine wanataja laana na uchawi. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Pwani ya Kenya, ambako wazazi walitaja pepo wabaya, uchawi na laana kuwa chanzo. Hapa Nairobi tunasikia yale yale, pamoja na kwamba mama alitumia dawa za kupanga uzazi. (Wengine hufikiri nitaunga mkono hilo kwa sababu natoka kanisani. Siungi.) Wanasayansi wanasema sehemu kubwa ni mambo ya kurithi katika damu ya pande zote mbili, ya baba na ya mama. Malezi hayaleti usonji, wala hauambukizi. Uvumi wa chanjo nao ulitokana na makala ya daktari Andrew Wakefield wa Uingereza ya mwaka 1998, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Mtoto apelekwe chanjo.

Kuomba ni vizuri. Lakini anayemnyima mtoto chakula au kumchapa ili pepo atoke anavunja sheria, hata kama ameshika Biblia.

Sasa tuseme lile linalouma. Wako watoto wanaofungiwa ndani kutwa kwa kufuli, wengine wamefungwa kamba mguuni. Mimi simhukumu mama huyo haraka. Anaamka kutafuta kibarua cha kufua nguo, na asipokwenda hakuna chakula jioni. Hakuna shule iliyompokea mtoto. Jirani aliyekuwa akimwangalia alichoka. Lakini sisi wa Kibera tunajua moto unavyokimbia kwenye nyumba za mabati, na mtoto aliyefungiwa, asiyeweza kuita, nani atamkumbuka? Akitoka nje nako kuna reli na mitaro. Akiwa kijana mkubwa hatari ni nyingine: anaingia nyumba isiyo yake, anashika kitu kinachong'aa, anaulizwa na hajibu. Mtu mmoja akipiga kelele ya mwizi, mnajua yanayofuata.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni mtaa kumfahamu. Wenye plot, mama mboga, watu wa boda na wazee wa kijiji waambiwe jina lake, kwamba haongei, na nyumbani kwao ni wapi. Hii haigharimu hata shilingi, ila mama akubali kwanza.

Je, sheria inasema nini? Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na ya lazima. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomdharau. Maneno kama zuzu na taahira, basi, si utani tena. Kifungu hicho pia kinampa haki ya kuingia katika shule zilizo ndani ya jamii. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 imeondolewa, na mahali pake pana sheria mpya ya 2025.

Mwaka wa 2003 ni wa kukumbukwa pia kwa sababu nyingine. Wazazi waliungana wakaunda Chama cha Usonji cha Kenya, na darasa la watoto wenye usonji likaanzishwa katika shule ya umma, City Primary, Nairobi. Mwaka huo huo, hapa hapa Kibera, mwalimu Lilly Oyare alianzisha Little Rock, shule ya chekechea ambako watoto wenye ulemavu na wasio nao hukaa pamoja. Kwa hivyo anayetuambia haiwezekani katika mtaa wa mabanda aende akaangalie.

Turudi kwa daftari. Kanuni ya faini ni nzuri, lakini iandikwe kwamba anayemlea mtoto mwenye ulemavu anaweza kutuma pesa na mtu, au kuja na mtoto. Mkutano ukifanyiwa kwake mara moja kwa mwezi, hata yeye atakuwa mwanachama. Wanachama wanne wakipeana zamu ya kumwangalia mtoto nusu siku kila mmoja, mama anapata siku mbili za kibarua kwa wiki.

Kisha kadi. Mtoto hupimwa kiwango cha ulemavu katika hospitali ya serikali, halafu husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Hapa wengi hukata tamaa: nauli, foleni, rudi wiki ijayo, na mtoto hawezi kungoja katika chumba chenye kelele. Kikundi kikopeshe nauli, na mwanachama mmoja aende alfajiri kushika foleni. Kadi yenyewe si pesa. Shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii ni za familia maskini zenye mtu mwenye ulemavu mkali, na huwa kuna kuchaguliwa. Lakini bila kadi huna hata pa kuanzia.

Kuhusu shule, mtoto apelekwe kwanza kituo cha serikali cha upimaji wa elimu. Vituo hivi vilianza mwaka 1984. Atapewa barua inayoeleza shule inayomfaa. Mwalimu mkuu akimkataa, mwombeni aandike sababu kwenye karatasi. Wengi hupata nafasi ghafla.

Mkitaka darasa lifunguliwe karibu, jueni pa kupeleka barua. Chekechea ni kazi ya kaunti. Shule ya msingi ni ya serikali kuu. Nimeona vikundi vikizungushwa mwaka mzima kwa kukosea mlango. Kifungu cha 37 kinawapa haki ya kukusanyika kwa amani na kuwasilisha maombi kwa ofisi za umma. Andikeni idadi ya watoto na umri wao bila majina, wekeni sahihi, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Umoja wa Mataifa umeadhimisha tarehe 2 Aprili kuwa siku ya usonji tangu 2008. Mwombeni chifu dakika kumi katika baraza la wiki hiyo. Aongee mzazi mwenyewe, au kijana mwenye usonji kama anataka, si mgeni kutoka ofisini. Mtoto asisimamishwe mbele ya watu kama ushahidi. Akija, akae pembeni mbali na spika, na awepo mtu wa kutoka naye akichoka.