Siku za kwanza Cusco: Hatari ya kuwaficha marafiki maumivu ya kichwa

NDEGE kutoka Lima, mji mkuu wa Peru, huchukua saa moja na ushei tu kufika Cusco. Katika muda huo mfupi, abiria huwa ametolewa ufuoni mwa Bahari ya Pasifiki na kupelekwa katika mji ulio mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, karibu maradufu ya mwinuko wa Nairobi. Macho hufurahia safari hiyo, lakini mwili huwa haujapewa ilani yoyote.

Mji huo wa kale, uliokuwa makao makuu ya himaya ya Wainka, hupokea wageni wengi wanaoelekea kuona magofu ya Machu Picchu. Baadhi yao husafiri kwa makundi ya marafiki waliochanga fedha kwa miezi mingi, na ratiba yao huwa imejaa tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Chukua mfano wa marafiki wanne waliotua asubuhi. Adhuhuri wako Plaza de Armas wakipiga picha, na alasiri wanapanda ngazi za mawe za mtaa wa San Blas. Jioni, mmoja wao anaumwa kichwa na chakula hakimpandi. Usiku anagutuka mara kwa mara, kana kwamba amesahau kupumua. Asubuhi inayofuata wanatarajiwa kwenda Vinicunca, mlima wenye rangi kama za upinde wa mvua, ulio na urefu wa zaidi ya mita 5,000. Akisema ukweli, ataonekana kuwaharibia wenzake safari. Basi anameza tembe za kutuliza maumivu na kunyamaza.

Je, ni nini hasa kinachomsumbua? Wengi hudhani kwamba hewa ya milimani ina kiasi kidogo cha oksijeni kuliko hewa ya pwani. Sivyo. Oksijeni ni takriban asilimia 21 ya hewa, uwe Mombasa au Cusco. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, yaani ile nguvu inayoisukuma oksijeni kutoka mapafuni hadi kwenye damu. Huko Cusco kanieneo hiyo ni kama thuluthi mbili tu ya ile ya pwani. Kwa hivyo kila pumzi humpa mgeni oksijeni kidogo kuliko aliyoizoea.

Mwili hujitetea mara moja. Mtu hupumua kwa kasi zaidi na moyo hudunda haraka. Katika siku chache zinazofuata, figo hurekebisha kemikali za damu ili kasi hiyo ya kupumua iweze kudumishwa. Kuongezeka kwa chembechembe nyekundu za damu, jambo linalozungumziwa sana kuhusu wanariadha wetu wa Iten, huchukua majuma kadhaa. Mgeni wa siku tatu hawezi kulitegemea.

Wenyeji wa milima ya Andes huita maradhi haya soroche. Si mageni: padri Mhispania José de Acosta aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1590, baada ya kuugua alipokuwa akivuka milima ya Peru. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi. Kwa kawaida huanza saa chache baada ya kuwasili na hutoweka katika siku moja hadi tatu, mradi mgonjwa asipande juu zaidi.

Sharti hilo la mwisho ndilo linalovunjwa na anayenyamaza. Akipanda akiwa mgonjwa, maji yanaweza kujaa mapafuni au ubongo kuvimba. Wa kwanza hutweta hata akiwa ameketi, hukohoa na pengine kutoa makohozi yenye povu. Wa pili huchanganyikiwa na kupepesuka kama mlevi. Hali zote mbili huua, tena zinaweza kuua kwa muda mfupi. Tiba kuu ni kumteremsha mgonjwa bila kuchelewa, akisindikizwa, na kumtafutia oksijeni na daktari.

Kosa jingine ni kudhani kwamba ukakamavu ni kinga. Kijana anayekimbia kila asubuhi anaweza kulemewa huku mwenzake mnene akitembea bila shida. Kwa hakika, mwenye nguvu anaweza kuwa hatarini zaidi akipanda haraka.

Hoteli nyingi za Cusco humkaribisha mgeni kwa chai ya majani ya koka, ambayo wenyeji huyatia shavuni kama mla miraa. Chai hiyo huchangamsha, lakini haijathibitishwa kuwa huzuia maradhi haya. Isitoshe, koka inadhibitiwa chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961, hivyo si zawadi ya kurudi nayo nyumbani. Ipo dawa iitwayo asetazolamaidi ambayo husaidia mwili kuzoea, lakini ni daktari anayepaswa kuamua nani aitumie. Wenye selimundu, maradhi ya moyo au ya mapafu, pamoja na wajawazito, wamwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Njia rahisi zaidi ni kugeuza ratiba. Machu Picchu iko mita 2,430 tu, chini kabisa kuliko Cusco. Marafiki wanaweza kutoka uwanja wa ndege na kuteremka moja kwa moja hadi bonde la Urubamba, lililo karibu mita 2,900, walale huko siku mbili, wazuru magofu, kisha ndipo warudi kuutazama mji. Milima mirefu iwe ya mwisho. Pombe na dawa za usingizi ziepukwe siku za mwanzo.

Funzo hili si la Peru pekee. Kwenye Mlima Kenya, wapandaji wanaofuata njia ya Naro Moru hutoka kituo cha mita 3,050 hadi kambi ya Mackinder, mita 4,200, kwa siku moja. Ushauri wa madaktari ni kwamba, ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 kwa siku katika mahali pa kulala.

Kwa hivyo, kabla ya kuondoka, kundi likubaliane kwamba kila asubuhi kila mmoja ataulizwa alivyolala, na kwamba mwendo utakuwa wa aliye dhaifu zaidi. Fedha za ratiba iliyovunjika huweza kuchangwa tena. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humuumbua. Mlimani, kilio hicho huwaangukia marafiki.