Mafuta ya karafuu na paka wa nyumbani

Ndugu zetu, visiwani kwetu mafuta ya karafuu hayakosekani nyumbani. Lakini ini la paka hushindwa kuondoa yujenoli, kiini kikali cha mafuta hayo, kama ini la mtu linavyoiondoa. Kwa hiyo tusimpake paka ili kuua viroboto: atajilamba, na sumu itamwingia. Tukiyafukiza, tufungue dirisha na tumwachie njia ya kutoka. Yakimmwagikia, tumwoshe kwa sabuni laini. Akitokwa na mate, akitapika au akitetemeka, tumkimbize kwa daktari wa mifugo.

Mtume (s.a.w.) ametueleza habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa kwa njaa. Mnyama tunayemfuga ni amana.

Wallahu a'lam.